Kilichomuua Kangaja Wetu

Samaki wa tangini akifa ghafla, kila aliye karibu huwa na jibu lake kabla hata mzoga haujatolewa majini. Hapa shuleni majibu yalikuwa tele. Mama anayesafisha maabara alisema ni dawa ya mbu. Mwalimu mwenzangu mwenye shamba la mikorosho huko Tandahimba alisema bila shaka ni salfa. Wanafunzi wa kidato cha pili walisema ni upweke, kwamba kiumbe wa bahari hawezi kuishi kwenye kioo akawa na raha. Mimi ninafundisha baiolojia Mtwara mjini, na samaki yule nilimpenda sana. Sikutaka kumzika na dhana.

Alikuwa kangaja wa buluu. Wavuvi wetu hulitumia jina la kangaja kwa jamaa zake wengi, ila huyu, ambaye wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, ukishamwona mara moja hutamsahau: mwili wa buluu ya anga, uso mweusi, kifua cheupe, na pezi la mgongoni la njano iliyokolea. Ni samaki wa Bahari ya Hindi, na nyumbani kwake ni kwenye miamba ya maji mafupi, ambako hushinda akidonoa mwani kutwa nzima. Kwenye shina la mkia ana miiba miwili, mmoja kila upande, inayoweza kufunguka na kukata kidole cha mtu asiyejua kumshika.

Tangi letu lina ujazo wa lita 400. Lilitengenezwa na fundi wa vioo wa hapa hapa mjini, na maji yake tunayachota upande wa Msangamkuu wakati bahari imejaa, maana hayo ndiyo maji yanayotoka nje kwenye kina. Viumbe wote tunawapata kwa mvuvi mmoja mzee wa Mikindani, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, na matumbawe hai hatuyagusi. Tangi lipo kwa sababu moja. Wengi wa wanafunzi wangu wamezaliwa karibu na maji, wanajua kuvua, wanajua kupara samaki, lakini mwamba wenye uhai hawajawahi kuuona, kwa kuwa hawana miwani ya kuzamia. Samaki wengi wanaowajua ni wale waliolala kwenye meza ya sokoni.

Jioni ile kangaja alikula vizuri. Alikuwa akizunguka tangi kama kawaida yake, hatulii. Asubuhi kijana anayetunza maabara alimkuta amelala ubavu kwenye mchanga, nyuma ya jiwe. Pampu ya hewa ilikuwa inafanya kazi, viputo vinapanda, maji ni meupe pe. Samaki wengine wote walikuwa hai: wale wadogo wa rangi ya machungwa wanaoishi kwenye anemoni, kiumbe laini wa bahari mwenye vimikono vingi, na wale wengine weusi wenye doa jeupe. Kamba walikuwa hai. Kaa wadogo wanaobeba makombe mgongoni walikuwa wameshaanza kumsogelea.

Nilimtoa kwa wavu, nikamlaza kwenye trei, nikamtazama kabla ya kusikiliza maneno ya mtu. Hakuwa na jeraha. Mapezi yalikuwa mazima, hayajaliwa. Ngozi haikuwa na vidoa vyeupe wala ute mzito. Kitu kimoja tu kilionekana wazi: mdomo ulikuwa umeachama, na vifuniko vya matamvua vilikuwa vimetanuka pande zote mbili, vimekakamaa hivyo hivyo. Nilivibonyeza vikarudi, nikaachia vikafunguka tena. Niliandika hilo kwenye daftari nikaliacha hapo, kwa sababu dalili moja ya mwili inaweza kuwa na sababu nyingi.

Tukaanza na zile tuhuma za watu, moja baada ya nyingine.

Salfa ilikuwa rahisi kuiondoa. Unga huo hupulizwa mikorosho inapochanua, kuikinga na ugonjwa wa ubwiri unga, na kwa huku kwetu hiyo ni kazi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti au Septemba hivi. Sisi tulikuwa Februari. Mwenzangu mwenyewe alicheka akakubali kwamba mabomba yake ya kupulizia yalikuwa stoo.

Dawa ya mbu ilistahili kuchukuliwa kwa uzito. Dawa nyingi za kopo za kuua mbu zina viambato vya jamii ya payrethroidi, ambavyo kwa mtu havina madhara makubwa lakini kwa samaki ni sumu kali hata vikiwa kidogo sana. Tena pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, kwa hiyo mtu akipuliza dawa kwenye chumba chenye tangi ni kama ameipeleka ndani ya maji kwa mkono wake. Mama wa usafi alijua analosema. Ila sumu hiyo ina tabia moja: kamba na kaa huathirika upesi kuliko hata samaki. Wao ni jamaa wa karibu wa wadudu, na dawa inayoangusha mdudu huwaangusha na wao. Kamba wetu walikuwa wanatembea juu ya mawe wakipepesa masharubu. Kama dawa ingeingia majini kwa kiasi cha kuua kangaja mzima wa ukubwa wa kiganja, kamba wasingeamka.

Hoja hiyo ya kamba iliondoa na jambo la pili bila gharama yoyote. Kuna watu huweka shaba majini kutibu magonjwa ya samaki, na nilitaka kujua kama kuna kipande chochote cha waya au koki ya shaba kilichogusana na maji yetu. Shaba huua kamba, kaa na konokono kabla ya samaki. Wote walikuwa wazima, basi shaba haikuwepo.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kuuliza. Nilikuwa nimemwinamia aliyekufa nikitaka aniambie kilichompata, na kumbe mashahidi walikuwa wanaogelea mbele yangu. Kila sumu na kila ugonjwa una watu wake wa kwanza kuanguka. Ukijua nani kabaki, orodha ya washukiwa inapungua yenyewe.

Chumvi niliipima kwa haidromita ikasoma 1.025, ambayo ndiyo ya bahari. Ulikuwa msimu wa mvua na mtu angeweza kufikiri maji tuliyochota yalichanganyika na ya mto, lakini hapana.

Amonia ilinichukua muda zaidi. Katika tangi la bahari ndiyo muuaji wa kawaida kabisa, na hasa kwa sababu ya ualikali wa maji yenyewe. Amonia ikiwa majini huwa katika sura mbili, moja ya sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa. Kwenye maji yenye pH 7, yaani yasiyo asidi wala alikali, ile ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye maji ya bahari yenye pH 8.2, na joto la pwani yetu, inakaribia sehemu moja ya kumi. Kiasi kile kile cha uchafu kinachovumilika kwenye tangi la maji baridi kinaweza kuua kwenye la chumvi. Kipimo chetu cha rangi kilionyesha amonia kidogo, na kijana wa maabara akaona jibu limepatikana. Nilimwambia asubiri. Samaki aliyekufa usiku akalala majini mpaka asubuhi hutoa amonia yeye mwenyewe anapoanza kuoza. Huwezi kuuchukua uchafu wa maiti ukaufanya chanzo cha kifo. Tulimtoa, hatukubadilisha maji, hatukusafisha kichujio. Kesho yake kipimo kilirudi njano safi. Bakteria wa kwenye mawe na sifongo walikuwa wameila ile amonia yote, maana yake walikuwa wazima na wanafanya kazi yao. Tangi ambalo bakteria wake wako hivyo halipandishi amonia ya kuua kwa usiku mmoja bila sababu.

Ugonjwa je? Kangaja wa buluu anajulikana kwa kushambuliwa na kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans. Yupo na mwingine mbaya zaidi, Amyloodinium ocellatum, anayevamia matamvua na kuua samaki kabla ngozi haijaonyesha kitu. Shule ina hadubini, nasi tulikata kipande kidogo cha tamvua, tukakiweka kwenye kioo na tone la maji ya bahari. Nyuzi za tamvua zilionekana vizuri, zimepangana, nyekundu iliyokoza. Hakukuwa na vidude vya mviringo vilivyojishikiza. Hata hivyo vimelea hawa huweza kumwacha mwenyeji wao akishakufa, kwa hiyo kutowaona kwa maiti ya saa kadhaa hakutoshi. Tuliwageukia tena walio hai. Hakuna aliyejikuna kwenye mawe, hakuna aliyehema haraka, na chakula walikigombea. Amyloodinium angekuwemo, tangi zima lingekuwa limeanza kuugua ndani ya siku chache. Wiki zikapita wakiwa hivyo hivyo.

Nilikwenda Mikindani kumpa mzee taarifa, kwa heshima, kwa sababu samaki alitoka mikononi mwake. Nilimkuta kwenye kivuli anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hawajambo watoto wako wa kwenye kioo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza, kisha akauliza swali moja.

"Aliyekufa ni mkubwa au mdogo?"

"Ndiye mkubwa kuliko wote, mzee. Wadogo wote wazima."

"Basi huyo alikosa pumzi, mwanangu. Ukiweka chambo hai kwenye ndoo ukachelewa kubadilisha maji, mkubwa ndiye anayetangulia. Vidagaa utavikuta vinahema juu juu, lakini vipo."

Akaongeza kwamba kangaja ni samaki wa mahali mawimbi yanapovunjika, hajazoea maji yaliyolala. Mimi nilikuwa na ule mdomo ulioachama kwenye daftari, na matamvua yaliyotanuka, ambayo ni dalili inayojulikana ya samaki aliyekufa akitafuta hewa. Lakini pampu ilikutwa inafanya kazi. Nilirudi na swali hilo njia nzima ya daladala.

Jibu alikuwa nalo mlinzi wa usiku, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Umeme ulikata, mwalimu," aliniambia. "Kama saa nane hivi taa za uwanjani zilizima zote. Ukarudi karibu na adhana ya alfajiri." Asubuhi kila kitu kilikuwa kimeshawaka, na chumba kilikuwa kimya kuhusu yaliyopita.

Wengi wangeishia hapo, na nilishawishika kweli kuishia hapo. Umeme ulikatika, pampu ikazima, samaki akafa. Ila umeme ulikuwa umekatika usiku mara nyingi tangu kangaja aletwe, mara nyingine kwa muda mrefu zaidi, na kila asubuhi tulimkuta mzima. Sababu ambayo ilikuwepo siku nyingine zote bila kuua haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Nililiandika ubaoni mbele ya kidato cha nne: kwa nini usiku huu, na si ule mwingine?

Wanafunzi walilijibu kwa bidii kuliko mada yoyote niliyowahi kuwafundisha. Wa kwanza alitaja joto, na alikuwa sahihi. Ilikuwa kaskazi, upepo umelala, madirisha ya maabara hufungwa usiku kwa usalama, na kipimajoto cha tangini asubuhi ile kilisoma 30. Maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kushika oksijeni. Maji ya bahari yakiwa nyuzi 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabaki na kama 6.2. Maji yasiyo na chumvi katika joto hilo hilo hubeba zaidi ya 7.5. Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina karibu miligramu 270. Nilipowaandikia tarakimu hizo ubaoni darasa lilinyamaza kidogo. Samaki wa bahari anaishi kwenye ukingo muda wote, na maji yakipata joto mwili wake nao unadai oksijeni zaidi, kwa hiyo anabanwa pande mbili.

Lakini siku za joto namna ile nazo zilikuwa nyingi msimu ule. Palikuwa na kitu cha tatu.

Wiki ile ile binti mmoja wa kidato cha nne, anayetoka Naumbu, alikuwa ameleta fungu la mwani kutoka shamba la mama yake. Ilikuwa zawadi. Alijua kangaja anakula mwani, aliuosha kwa maji ya bahari, akaufunga vizuri kwa kamba ya nailoni kwenye jiwe la nyuma, na kangaja aliudonoa kwa furaha mbele yetu sote. Ulikuwa mwani mzuri, mgumu, wa kahawia. Nilipoinua jiwe lile sasa, sehemu ya chini iliyokuwa kivulini ilikuwa imegeuka nyeupe na laini, inakatika kwa kuguswa na kidole, na harufu yake ilikuwa nzito. Wakulima wa mwani wa pwani yote wanaijua hali hii. Aina ya kottonii hasa haivumilii maji yakichemka wakati wa kaskazi: matawi hupauka, hulainika, hudondoka, na shamba zima linaweza kupotea. Kinamama wengi wameacha kuilima kwa sababu hiyo wakabaki na spinosamu inayostahimili kidogo.

Binti alisimama pembeni ya meza. Aliona nilichoshika.

"Mwalimu, ni ule mwani wangu?"

Swali hili lilinigusa kuliko kifo chenyewe. Ningeweza kumfariji kwa kumwambia hapana, na angejua ninamdanganya, kwa kuwa ni mtoto mwenye akili. Ningeweza kusema ndiyo, na hilo nalo lisingekuwa kweli, maana hatukuwa tumepima kitu. Nilimwambia, "Hatujui bado, mwanangu. Nisaidie tupime." Akafuta macho, akaenda kuleta ndoo.

Mwalimu wa kemia ndiye aliyetupa njia. Kipimo cha oksijeni cha kielektroniki hatuna, lakini kuna njia ya zamani ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini, aliyoibuni mwanakemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888, na karibu kila kitu inachohitaji kilikuwa kwenye rafu zetu: manganizi salfeti, potasiamu ayodaidi yenye sodiamu haidroksaidi, asidi ya salfyuriki, thayosalfeti ya sodiamu, na wanga. Kidato cha sita hutumia thayosalfeti na wanga kwenye mitihani yao ya vitendo kila mwaka.

Tulijaza ndoo tatu maji ya tangini kwa kiwango sawa. Ya kwanza ilikuwa maji matupu. Ya pili tuliweka mwani mzima, mgumu, aliouleta binti upya kutoka Naumbu. Ya tatu tuliweka ule uliolainika, uzito ule ule. Jua lilipozama tukazifunika, tukaziacha chumba kile kile, madirisha yamefungwa, bila pampu. Hakuna samaki aliyewekwa humo.

Alfajiri tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wengine walivuka na kivuko cha kwanza kutoka Msangamkuu. Tulichota kila ndoo kwa mpira mwembamba mpaka chini ya chupa, ikafurika, tukafunga kizibo cha kioo bila kuacha kiputo hata kimoja, kwa sababu kiputo kimoja cha hewa kina oksijeni ya kutosha kuharibu kipimo. Mwalimu wa kemia akatia manganizi kwa pipeti, kisha ile ayodaidi yenye alikali, akafunga na kupindua chupa taratibu.

Chupa ya maji matupu ilichafuka mara moja, mashapo ya rangi ya kahawia yakaanza kushuka. Hiyo kahawia ni oksijeni imeshikwa na manganizi. Ya mwani mzima nayo ikawa kahawia, lakini hafifu, rangi ya chai ya maziwa mengi. Kisha akaishika ya tatu. Mashapo yalitokea, yakatulia chini, na yalikuwa meupe. Akapindua tena, akangoja. Meupe. Mahali penye oksijeni manganizi haiwezi kubaki nyeupe. Kwenye ndoo ile hapakuwa na hewa ya kumtosha hata kidagaa.

Tukaendelea kwa ajili ya namba. Akatia asidi, mashapo ya chupa ya kwanza yakayeyuka na maji yakawa ya njano nzito kwa ayodini, thayosalfeti ikadondoshwa tone baada ya tone, wanga ukatiwa ikawa buluu nzito, na tone la mwisho likaiondoa buluu ghafla. Hesabu ilitupa miligramu 5.9 kwa lita. Ndoo ya mwani mzima ilitoa 3.8. Ya tatu haikuwa na cha kudondoshea.

Ile ya pili ilitufundisha jambo ambalo sikulitegemea lionekane wazi namna hiyo. Wanafunzi wote wanajua mmea hutoa oksijeni. Wanalikariri tangu shule ya msingi. Kwamba mmea huo huo usiku nao unahema, unaila oksijeni uliyoitoa mchana, hilo wanaliandika kwenye mtihani na kulisahau. Sasa walikuwa wameliona kwenye chupa. Mwani mzima hupunguza hewa usiku, na mwani unaooza huimaliza, kwa sababu bakteria wanaokula kile kinachooza wanahema pia, tena wako mamilioni.

Ndoo si tangi. Tangi lina maji mengi zaidi na uso mpana unaogusa hewa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba oksijeni ilifika sifuri usiku ule. Kama ingefika, hata wale wadogo wasingepona. Ninachoweza kukisimamia ni hiki: pampu ikifanya kazi, ilikuwa inaingiza hewa kwa kasi kuliko mwani ulivyoila, na ndiyo maana siku zote za nyuma hatukuona kitu. Pampu ilipozima saa nane usiku, kwenye maji ya nyuzi 30, katika saa ambazo tangi huwa na oksijeni kidogo kuliko wakati wowote wa siku, mwani unaooza uliendelea kula na hapakuwa na wa kurudisha. Oksijeni ilishuka mpaka mahali ambapo mwili mdogo unaokaa kimya kwenye anemoni unaweza kungoja, na mwili mkubwa usiotulia hauwezi. Umeme uliporudi alfajiri, viputo vikaanza, mchana ukaja, na maji yakajirudi kabla hatujafungua mlango. Kila kimoja kati ya hivi vitatu, joto, umeme na mwani, kilikuwa kimeshawahi kutokea peke yake bila madhara.

Nilimwita binti nikampa daftari aandike hitimisho yeye mwenyewe. Aliandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Hakujificha na hakujilaumu. Aliandika tu mpangilio wa saa, joto, na namba za chupa. Baadaye alimpelekea mama yake habari ya ile rangi nyeupe, na mama akasema ndiyo maana mwani ukianza kupauka shambani huwa wanautoa haraka, wasiuache kwenye kamba.

Yaliyobadilika ni machache. Pampu ya pili ya hewa sasa inatumia betri ya sola ile ya kuwashia taa, na inaingia kazini umeme ukikata. Bomba la kichujio tumelielekeza juu ili livuruge uso wa maji usiku kucha, kwa sababu oksijeni nyingi huingilia pale maji yanapokutana na hewa. Viputo vinasaidia zaidi kwa kuyazungusha maji kuliko kwa hewa iliyomo ndani yake. Mwani unawekwa asubuhi kwa kibanio kwenye kioo cha mbele, panapoonekana, na unatolewa kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Mlinzi ana ubao mdogo getini anaandika saa ya umeme kukata na saa ya kurudi. Na katika miezi ya kaskazi kidato cha tano wanapima oksijeni alfajiri, kwa zamu, kwa njia ile ile ya Winkler.

Mzee wa Mikindani alituma salamu kwamba ameona kangaja mwingine wa buluu, mdogo, na yuko tayari kumleta. Nimemshukuru nikamwomba amwache alipo. Kangaja akikua hupita sentimita 20, naye ni wa kuogelea mbali, na lita 400 hazimtoshi hata oksijeni ikiwa tele. Hilo lilikuwa linanisumbua hata kabla ya kifo hiki. Nimemwomba konokono wa kulamba mawe na kamba wengine wawili watatu. Amesema atawaleta bamvua ijayo, maji yakipwa vizuri.